Zimeni Muziki, Tusikie

Imekuwa kanuni isiyohojiwa: ukishapiga video, itie muziki kabla hujaiposti. Vijana wanaowafundisha wenzao kutengeneza maudhui huisema siku ya kwanza, hata kabla ya kuonyesha namna ya kushika simu isitikisike. Video bila muziki, wanasema, imepooza. Mtazamaji ataisukuma juu kwa kidole aende zake, na mtandao wenyewe hautaipeleka mbele. Wenye maduka wameamini. Wapishi, walimu, wahubiri, wafugaji wa kuku na hata wanahabari wameamini. Mimi naipinga kauli hiyo tangu mzizini. Muziki unaobandikwa juu ya video mara nyingi hauiongezei chochote. Unaifuta nusu yake, na nusu hiyo ndiyo aghalabu iliyobeba maarifa.

Niweke mpaka mapema, nisije nikajibiwa kwa jambo nisilolisema. Sizungumzii video ya wimbo, wala ya watu wanaocheza wimbo kwa sababu wimbo wenyewe ndio habari. Mwaka 2020, watu wa mabara mbalimbali walipocheza "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode, muziki ndio uliozaa video hizo, na kuuondoa kungeziacha bila maana. Ninayoizungumzia ni video iliyopigwa ili kuonyesha jambo, kufundisha kazi, kutoa habari, kuhifadhi sherehe au kumsikiliza mtu, kisha ikatiwa muziki kwa sababu tu kila mtu anatia.

Tuwaangalie mafundi pikipiki. Video zao ni miongoni mwa vitu vyenye faida kubwa kabisa mtandaoni kwa Kiswahili: fundi wa Tunduma anaweza kumfundisha kijana wa Malindi bila wao kuonana maishani. Fundi anawasha injini, anavuta mafuta kidogo, anatega sikio, anauliza, "Umeusikia huo mlio?" Somo lote liko hapo. Valvu zilizolegea hugongagonga kwa haraka huko kichwani mwa injini. Mnyororo wa ndani uliochoka hukwaruza. Beringi ya gurudumu iliyokwisha huvuma, na mvumo wake hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Fundi mzoefu huzitofautisha hizi kwa sikio kabla hajagusa spana, na ujuzi huo ni mgumu mno kuuandika. Kwa vizazi umepita sikio kwa sikio, mwanafunzi akiwa amechuchumaa kando ya mwalimu wake. Simu imetupa nafasi ya kuupeleka mbali kuliko kibanda cha fundi yeyote. Halafu mtu anakuja kumwaga mdundo wa amapiano juu yake. Mtazamaji anauona mdomo wa fundi ukitamka "umeusikia", naye hakusikia ila wimbo uleule alioukuta katika video zote alizozipita tangu asubuhi.

Jikoni hali ni hiyohiyo. Mpishi hujua mafuta yamepata moto kwa namna yanavyokipokea kitunguu. Wali unaokaribia kukaukiwa maji hubadili sauti ndani ya sufuria: kuchemka kwa mapovu kunapungua, kunabaki mchirizo mwembamba, na hapo ndipo mkono huenda kwenye moto kuupunguza. Hata kuku mgonjwa wa mapafu hujulikana kwa kukoroma usiku bandani kabla hajaanza kuzubaa. Mfugaji anayefundisha wenzake namna ya kumtambua kuku huyo, kisha akafunika mkoromo kwa bongo fleva, amewaonyesha picha ya kuku tu.

Najua jibu linalokuja: sisi hatufuti sauti, tunautia muziki kwa chini tu. Hili "kwa chini" ndilo linalohitaji kuchunguzwa, maana wengi husema hivyo kwa nia njema bila kujua kinachotokea ndani ya sikio la msikilizaji. Sauti mbili zikikaa katika masafa yaliyo karibu, yenye nguvu huifunika dhaifu hata kama dhaifu haijaondolewa. Sasa fikiria spika ya simu. Ni ndogo, haina uwezo wa kutoa besi ipasavyo. Kwa hiyo ule mdundo mzito uliokuvutia ulipovaa hedifoni haufiki kwa mtazamaji. Kinachofika ni kinanda, gitaa na sauti za waimbaji, yaani sehemu ileile ya masafa ambamo maneno ya binadamu yanakaa. Muziki uliodhani umeuweka nyuma umekaa juu kabisa ya kinywa cha msemaji. Na ukiwa na mashairi ndani yake ni mbaya zaidi, kwani akili ya msikilizaji inavutwa na maneno mawili kwa wakati mmoja.

Konsonanti ndizo hupotea kwanza. Herufi kama s, f na ch hutamkwa kwa nguvu ndogo na hukaa juu katika masafa. Kiswahili kimeweka mzigo mkubwa sana katika silabi ndogo. Kati ya "uchanganye dawa na maji ya chumvi" na "usichanganye dawa na maji ya chumvi" kuna silabi moja tu iliyosimama, nayo inaanza kwa s. Mkulima anayesikiliza maelekezo ya kiuatilifu kupitia simu ya bei nafuu, upepo unavuma shambani na kinanda kinalia nyuma ya maelezo, anaweza kuikosa silabi hiyo. Mtaalamu aliyeiposti video ile hatajua kamwe.

Tena Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu kwa wengi wa wanaokitumia. Msukuma, Mluo, Mnyamwezi, Mkongo wa Bukavu, Mrundi wa Bujumbura: wote wanaingia katika video zilezile. Anayesikiliza lugha asiyozaliwa nayo huumizwa na kelele zaidi kuliko mwenye lugha, kwa kuwa mwenye lugha anaweza kulijaza neno lililomponyoka kwa mazoea, na mgeni hawezi. Waongeze wenye usikivu hafifu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Mzee wako anayeshika simu na kuisogeza sikioni, akakunja uso, akaiweka chini, yumo katika hesabu hiyo. Mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha tovuti zitumiwe na watu wenye ulemavu, uliotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2008, unataka katika ngazi yake ya juu kabisa kwamba sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20. Maana yake ni takriban robo tu ya ukubwa wa sauti ya msemaji kwa sikio. Pima video zetu kwa kipimo hicho uone ngapi zitapita.

Wala hili si tatizo la wanaoanza tu. Mwaka 2011, BBC ya Uingereza, shirika lenye wahandisi wa sauti waliobobea, lilirusha vipindi vya sayansi vya Brian Cox, "Wonders of the Universe". Watazamaji wakalalamika kwamba muziki unameza maneno ya Cox. Shirika likakubali kuupunguza muziki katika vipindi vilivyofuata. Ikiwa wao, wenye studio na vipimo, walijikuta wamevuka mpaka, mtu mwenye programu ya kuhariri kwenye simu na kidole kimoja atajuaje kuwa yeye hajavuka?

Utetezi wa pili nauheshimu zaidi, kwa kuwa unatokana na shida ya kweli: muziki unaficha kelele. Tunaishi kwenye kelele, hilo silikatai. Daladala zinapita, jenereta la jirani linanguruma, upepo wa pwani unapiga maikrofoni hadi maneno yanakatika. Lakini kuongeza sauti nyingine juu ya kelele hakuondoi kelele. Sasa msikilizaji ana vitu viwili vya kupenya badala ya kimoja. Dawa ni kumsogelea msemaji. Mahali pa wazi, kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za barabarani hubaki palepale. Kutoka hatua mbili kuja hatua moja, tayari umeshinda vita nusu. Upe upepo mgongo. Funika maikrofoni kwa kitambaa chepesi. Kama una vipokea sauti vya waya, shikiza kile kidude chenye maikrofoni kwenye kola ya shati la msemaji. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha, na yote yanampa mtazamaji kile alichokifuata.

Utetezi wa tatu ndio unaonikera kuliko yote, nao ni wa hisia. Wanasema muziki unaipa video roho. Nakubali kwamba muziki una nguvu juu ya moyo, na ndiyo sababu yangu ya kuukataa mahali hapa. Tazama video za misaada. Mama amekaa mlangoni kwake, anaeleza yaliyompata: kodi, mtoto mgonjwa, mume aliyeondoka. Kabla hajafungua kinywa, kinanda cha huzuni kimeshaanza, na kinanda hicho kimeshatuambia huyu ni mtu wa kulilia. Baada ya hapo maneno yake hayana kazi kubwa. Huenda alikuwa na hasira. Huenda alikuwa anadai haki yake kwa mtu anayemjua kwa jina, au anatania kidogo kama watu wenye dhiki wanavyotania. Yote hayo yamepakwa rangi moja ya huruma, na mama aliyekuwa na jambo la kusema amegeuzwa picha ya kuchangishia. Kama simulizi yake ni nzito, itatuliza yenyewe. Kama haitulizi bila kinanda, basi kinanda kinatudanganya.

Waliobobea katika sanaa ya picha walilijua hili zamani. Alfred Hitchcock alipotengeneza "The Birds" mwaka 1963 aliacha kabisa muziki wa kusindikiza wa kawaida. Hofu yote ya filamu ile inajengwa kwa milio ya ndege, mbawa na ukimya. Sidney Lumet, katika "Dog Day Afternoon" ya mwaka 1975, aliweka wimbo mwanzoni kisha akaiacha filamu nzima itembee bila muziki wa kusindikiza, kwa sababu alitaka watazamaji waamini kwamba wizi ule wa benki wanauona ukitokea kweli. Watu hawa walikuwa na uwezo wa kuwapata watunzi bora wa zama zao. Waliacha kwa hiari, maana walijua mtazamaji asiyeelekezwa ahisi nini hutazama kwa makini zaidi.

Tunafika kwenye hoja ambayo huletwa kama ya mwisho, isiyojibika: algoridhimu inataka. Turudi kidogo nyuma. TikTok kama tunavyoijua imebeba ndani yake Musical.ly, programu ya vijana kuigiza midomo juu ya nyimbo, iliyonunuliwa na ByteDance, kampuni iliyoanzisha TikTok, mwaka 2017 na kuunganishwa na TikTok Agosti 2018. Kitufe cha kuchagua sauti kimekaa mbele ya macho yako kwa sababu ya asili hiyo. Sauti moja inayotumiwa na maelfu ya watu inaziunganisha video zao na kumbakiza mtazamaji ndani ya programu, kutoka moja hadi nyingine. Hiyo ni faida ya mwenye programu. Fundi wa pikipiki anayetaka mtu ajifunze kutambua valvu iliyolegea hana faida yoyote hapo. Anahitaji mtu mmoja abaki hadi mwisho na asikie. Kupitiwa na macho elfu ambayo hayakusikia kitu ni hesabu ya mtandao, na haijamfundisha yeyote.

Na hata hesabu hiyo haiko mikononi mwako. Mwishoni mwa Januari 2024 mkataba kati ya TikTok na Universal Music Group ulikwisha bila kuhuishwa. Nyimbo za kampuni hiyo zikaondolewa, na video zilizozitumia zikanyamazishwa, hadi pande hizo mbili zilipopatana Mei mwaka huohuo. Watu waliokuwa wametengeneza kazi zao kwa bidii waliamka wakazikuta bubu kwa ugomvi wa kampuni ambao hawakuwa na sauti ndani yake. Video iliyobaki na sauti yake yenyewe, ya mwenyewe aliyeipiga, haikuguswa.

Wapo waliokwisha kuelewa nguvu hii ya muziki ya kuua video, nao wakaitumia kwa makusudi. Mwaka 2021, huko Beverly Hills katika jimbo la California, askari polisi walirekodiwa wakiwasha nyimbo kwenye simu zao mara mwanaharakati alipoanza kuwapiga video. Huko Oakland mwaka huohuo askari mwingine aliyewasha wimbo wa Taylor Swift alisema waziwazi mbele ya kamera kwamba anafahamu video ile haitaweza kupandishwa YouTube. Walijua mitambo ya mitandao huwinda nyimbo zenye hakimiliki, kwa hiyo wimbo ukisikika, ushahidi una hatari ya kuondolewa. Yale waliyoyafanya wao ili kuficha, sisi tunazifanyia video zetu wenyewe kwa hiari na kuyaita mapambo.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia katika Bunge la Kenya jijini Nairobi, na watu wakapigwa risasi. Mwaka 2025 kitengo cha BBC Africa Eye kilitoa filamu iliyofuatilia mauaji yale kwa kuchambua maelfu ya picha na video, nyingi zikiwa zimepigwa na watu waliokuwapo. Katika uchunguzi wa namna hii sauti ni shahidi kamili. Mlio mmoja wa risasi ulionaswa na simu tatu tofauti unaweza kuzipanga video hizo tatu kwenye saa moja, hadi sehemu ya sekunde. Amri iliyopigwa kelele upande wa pili wa ukuta, ambako hakuna kamera, inaweza kuwamo ndani ya maikrofoni ya mtu aliyekuwa anakimbia. Klipu ya siku kama ile ikifunikwa kwa wimbo wa kishujaa, picha inabaki na ushahidi wa sikio unakufa. Nawaelewa vijana wanaofanya hivyo kwa uchungu na mapenzi kwa wenzao. Lakini aliyeanguka anahitaji sauti ya saa ile ibaki kama ilivyokuwa kuliko anavyohitaji wimbo.

Kisha kuna hasara nyingine ambayo itaonekana miaka mingi ijayo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake mizito akirekodi ngoma, marimba, zeze na nyimbo za watu wa makabila mbalimbali. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, ambako rekodi hizo zinatunzwa hadi leo. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kusema juu ya Mwingereza aliyekuja kurekodi mali ya wengine enzi za ukoloni. Hata hivyo, wajukuu wa waliopiga zeze siku ile wanaweza kuwasikia babu zao. Leo kila harusi, kila jando na kila tambiko lina simu ishirini zilizoinuliwa juu, vifaa ambavyo Tracey angeviota, na tunazitumia kufuta.

Kibati cha Pemba ni ngoma ya majibizano: waimbaji hutunga papo hapo na kujibizana kwa kasi, ngoma zikiwafuata. Maneno ya usiku ule ni ya usiku ule tu. Nimeona ngoma za aina hii zikipandishwa mtandaoni zikiwa zimevuliwa sauti na kuvishwa wimbo unaotrendi. Miguu inakanyaga kwa mdundo mmoja, masikio yanapokea mwingine, na midomo ya watunzi inafunguka na kufumba bila neno. Kule karibu na ziwa Eyasi wageni huwapiga video Wahadzabe, watu wachache wenye lugha isiyo na ndugu anayejulikana, lugha yenye sauti za kualisha ulimi ambazo hazipatikani katika lugha nyingi za dunia. Kisha huwabandikia ngoma za kununuliwa. Wahadzabe haohao humwita mlembe, ndege anayewaongoza kwenye asali, kwa mluzi wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Tanzania na Msumbiji, ulionyesha kwamba mlembe wa kila eneo huitikia zaidi mwito wa watu wa eneo lake kuliko mwito wa watu wa mbali. Ndege anaujua mluzi wa Mhadzabe na kuufuata. Mtazamaji wa video ile ananyimwa hata kuusikia.

Watengenezaji wa programu za kuhariri wameweka vitelezi viwili, kimoja cha sauti asilia na kimoja cha muziki, na watu wengi hukishusha cha kwanza hadi sifuri bila kufikiri. Ukishatoa video kwa namna hiyo na kufuta faili la mwanzo ili kupata nafasi kwenye simu, basi. Hata ukiwa umevichanganya vyote viwili, hakuna mtambo utakaovitenganisha virudi kama vilivyokuwa. Wimbo uliotumia utapatikana kesho na mwaka kesho, kwa mtunzi wake na katika simu milioni. Kwa hiyo ninachowaomba wapiga video wetu ni hiki, kuanzia na klipu iliyomo kwenye simu yako sasa hivi: iposti kama ilivyo. Na kama moyo wako bado unakataa, basi walau faili halisi, lenye jogoo, upepo, kikohozi cha mzee na maneno ya watunzi, lihamishie mahali pa kudumu, uandike tarehe, kijiji na majina ya waliokubali kutajwa, ndipo ufungue programu ya kuhariri.